SOMO LA MWEZI: KUTAZAMA TRENI NA KUIPIGA FILIMU, NI MASOMO AO NI MCHEZO?



Katika gazeti hili sisi viongozi wa wanafunzi wa mwaka wa sita tunataka kufundishana juu ya jambo moja ambalo wengi wenu mmekwisha kuliona katika telefone. Ni habari ya watu wa Marekani na wa Ulaya wanaokaa kando ya njia ya reli tangu asubuhi mpaka jioni, kamera iko tayari, wanangojea treni. Treni ikipita wanaipiga filimu, wanaandika namba ya mashini katika kaye, kisha wanakaa tena kungojea ingine.

Katika internat yetu jambo hili lilileta ubishi mkubwa. Wamoja walisema: « Bale batu habana kazi. Mutu muzima anaangalia vagoni siku muzima? » Wengine walijibu kwamba ile ni kazi ya akili. Sisi tukaona haifai kucheka jambo mbele ya kulichunguza. Basi tulilichunguza, na yale tuliyoyapata tunayaleta mbele yenu katika sehemu sita. Mwishoni mtaona maswali. Kila mtu ajaribu kuyajibu peke yake kwanza, asitafute majibu kwa jirani.

1. KAZI HII ILIANZA LINI?

Kupiga filimu ya treni kuko na umri sawasawa na senema yenyewe. Wandugu wawili wa Ufaransa, Auguste na Louis Lumière, walionyesha filimu zao Paris mbele ya watu waliolipa, tarehe 28 mwezi wa 12 mwaka 1895. Mwaka uliofuata, 1896, walionyesha ile filimu yao inayojulikana sana: treni inaingia katika gare ya La Ciotat, mji wa kusini ya Ufaransa. Filimu ile haimalizi hata dakika moja.

Watu wanapenda kusimulia kwamba wenye kutazama waliogopa treni ile, wakakimbia nje. Tusiamini upesi, kwa sababu hakuna ushuhuda wenye nguvu wa jambo hilo. Lakini kuna jambo la kweli la kujifunza pale. Kamera haikuwekwa mbele ya treni, wala haikuwekwa mbali kabisa. Iliwekwa juu ya kibaraza cha gare, kando ya reli. Kwa hiyo treni inatokea mbali ikiwa ndogo, inaendelea kukua, kisha inapita pembeni na watu wanashuka. Tangu siku zile mpaka leo, wenye kupiga filimu ya treni wanatafuta pahali pa namna ile: kando, pahali pa kuona mbali, pahali mtu anaruhusiwa kusimama.

2. PAHALI PA KUKAA

Njia kubwa ya reli ni ile inayounganisha miji mikubwa, na matawi mengine yanaiingia kama vijito vinavyoingia mto. Huko treni ni nyingi, na mtu hangoji sana. Lakini wenye kujua hawakai pahali popote tu. Wanachagua pahali ambapo treni inaonyesha kazi yake. Tunatoa mifano mitatu ya Marekani.

Wa kwanza ni Horseshoe Curve, karibu na mji wa Altoona, katika jimbo la Pennsylvania. Maana ya jina lile ni kona ya kiatu cha farasi. Ilifunguliwa mwaka 1854. Milima ya Allegheny ilikuwa imefunga njia, na treni haiwezi kupanda mlima kama mbuzi, kwa kuwa gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma linateleza. Wajenzi walifanya nini? Waliizungusha njia ndani ya bonde, kusudi iwe ndefu zaidi na mwinuko upungue. Karibu na pale, katika kila mita 100 treni inapanda karibu mita 2 tu. Tangu mwaka 1879 kuna bustani pale ndani ya kona, na watu wanakuja kutazama. Zamani kulikuwa njia nne za reli sambamba. Moja iliondolewa mwaka 1981, leo zimebaki tatu.

Wa pili ni Tehachapi, katika jimbo la California. Kazi yake ilimalizika mwaka 1876, na wengi waliochimba pale walikuwa wafanyakazi wa China. Njia inazunguka mlima mdogo mpaka inapita juu yake yenyewe. Mzunguko ule uko na urefu wa karibu mita 1,170, na treni inapanda mita 23 katika mzunguko mmoja. Treni ikiwa ndefu kupita kipimo kile, mashini inapita juu na vagoni zake za nyuma zinapita chini katika tuneli. Mtu anaona treni moja inajikata yenyewe.

Wa tatu ni Rochelle, mji mdogo wa Illinois, yapata kilometri 130 upande wa magharibi ya Chicago. Hapo hakuna mlima. Kuna njia mbili kubwa za kampuni mbili, zinakatana kama msalaba juu ya ardhi moja. Treni ya njia moja ikipita, ile ya njia ingine ni lazima ingoje. Mwaka 1998 wakubwa wa mji walifungua bustani pale pamoja na jukwaa lenye paa, kusudi wenye kutazama wapate pahali pao na wasitembee juu ya reli.

Mnaona, katika mifano yote mitatu pahali pazuri si pahali pa karibu kuliko pote. Ni pahali mtu anafahamu kitu.

3. NAMNA YA KUTAZAMA

Kutazama pasipo kuandika ni kama kuteka maji na kikapu. Mwenye kujua anachukua kaye, kalamu na saa. Anaandika saa treni ilipopita, ilikotoka, hesabu ya mashini, hesabu ya vagoni, na aina ya mizigo: makaa, mafuta, mbao, makontena. Akifanya hivyo siku nyingi, anaanza kuona mambo ambayo mpita njia haoni. Anajua ni siku gani mizigo ni mingi. Anajua treni gani ya abiria imechelewa. Anauliza kwa nini wiki hii makaa hayakupita.

Tena anaweza kufanya hesabu. Tuchukue mfano. Kando ya njia kuna nguzo mbili, na mtu amekwisha kujua kwamba kutoka nguzo moja mpaka ingine ni mita 200. Mashini imepita nguzo ya kwanza, na sekunde 10 kiisha imefika ya pili. Mita 200 kugawanya kwa 10 ni mita 20 kila sekunde, ni kusema kilometri 72 kila saa. Sasa abaki pahali pamoja na kuhesabu wakati treni nzima inamaliza kupita mbele yake. Kama ni sekunde 100, urefu wa treni ni mita 20 mara 100, ni mita 2,000. Kilometri mbili! Huko Marekani treni za mizigo za urefu ule ziko kweli. Tuliwapa watoto wa mwaka wa pili hesabu hii, wakaipata pasipo shida.

Masikio vilevile yanafundisha. Mashini nyingi za huko ni za dizeli na umeme pamoja. Injini ya dizeli haizungushi magurudumu yenyewe. Inazungusha mashini ya kutengeneza umeme, na umeme ule unakwenda katika mota zilizo karibu na magurudumu. Treni ikipanda Horseshoe Curve, injini zinanguruma kwa nguvu, na mara nyingi kuna mashini zingine zinazosukuma nyuma. Treni ikishuka, jambo linageuka. Zile mota sasa zinazungushwa na magurudumu, zinatoa umeme, na umeme unageuka kuwa joto linalotupwa hewani. Kwa namna hiyo zinasaidia freni kuzuia treni. Ndiyo ile sheria ya nguvu ambayo mwalimu wetu wa fizika anaiandika ubaoni: nguvu hazipotei, zinabadilika umbo tu. Pale mlimani mtu anaisikia kwa masikio yake.

4. NAMNA YA KUPIGA FILIMU

Wenye kazi hii wako na sheria zao, na nyingi zinafaa hata kwa telefone.

a) Simamisha kamera juu ya miguu mitatu ao juu ya kitu kisichotikisika. Mkono unachoka, picha inacheza.

b) Anza kupiga mbele treni haijatokea, na usiache mpaka vagoni ya mwisho imepita na sauti imekwisha. Wengi wanapiga mashini tu, kisha wanafunga. Hivyo hawana treni, wako na kichwa chake tu.

c) Jua liwe nyuma yako ao pembeni. Likiwa mbele yako, treni itakuwa nyeusi kama mkungu wa chungu.

d) Usigeuze kamera huku na huku. Chagua pahali, acha treni yenyewe itembee ndani ya picha.

e) Nyamaza. Sauti ya treni ni nusu ya filimu. Mtu akipiga makelele pembeni, ameharibu kazi.

f) Andika tarehe na pahali siku ileile. Picha isiyo na tarehe, kiisha miaka kumi hakuna anayejua ni ya nini.

Kwa nini kujisumbua hivyo? Tutoe mfano wa mtu mmoja, O. Winston Link, mpiga picha wa New York. Mwaka 1955 aliona kwamba kampuni moja kubwa ya reli, Norfolk and Western, ilikuwa bado kutumia mashini za moshi, wakati kampuni zingine kubwa zilikuwa zinaendelea kuziacha. Alifahamu kwamba nazo zitakwisha. Akaomba ruhusa kwa wakubwa wa kampuni, wakampa. Basi kwa miaka mitano alikwenda na kurudi katika milima ya Virginia, akipiga picha nyingi usiku kwa taa kubwa alizozipanga mwenyewe, na akirekodi sauti ya mashini. Alitengeneza picha yapata 2,400. Mwaka 1960 mashini za moshi za kampuni ile zilikoma. Leo kuna nyumba ya makumbusho ya kazi yake katika mji wa Roanoke, tangu mwaka 2004. Katika picha zake mtu haoni mashini peke yake. Anaona nyumba za watu kando ya reli, watoto wanaooga mtoni, wafanyakazi na taa zao mkononi. Kama Link angesema « nitakuja mwaka ujao », wakati ule ungepotea.

5. HATARI

Hapa tunaomba kila mtu asome polepole. Sehemu hii ndiyo iliyotufanya tuandike somo hili.

Siku hizi wanafunzi wengi wako na telefone, na tunajua wamoja wanaopenda kusimama juu ya reli kusudi wapigwe picha. Wanasema: « Treni ikikuja tutasikia. » Si kweli. Sauti ya treni inayokuja mbele yako moja kwa moja ni ndogo kuliko sauti ya treni inayopita pembeni, na upepo unaweza kuichukua. Tena macho yanadanganya: kitu kikubwa kikiwa mbali kinaonekana kama kinakwenda polepole, kumbe kinakimbia.

Je, mashinisti hawezi kusimamisha? Anaweza kupiga freni, lakini treni ndefu ya mizigo inayokimbia kilometri 90 kila saa inaweza kuhitaji zaidi ya kilometri moja na nusu mbele ya kusimama. Anakuona, anapiga honi, anapiga freni, na bado anakufikia. Kumbukeni kanuni: mbio ikiongezeka mara mbili, nguvu ya mwendo inaongezeka mara nne. Tena treni ni pana kuliko reli zake. Inatokea nje karibu mita moja kila upande. Kwa hiyo hata mtu aliyesimama « pembeni kidogo » anaweza kugongwa.

Pahali penye njia mbili ao tatu sambamba hatari inazidi. Mtu anatazama treni ya kwanza, anaona imepita, anavuka. Hajui kama ya pili inatoka upande mwingine, kwa sababu ile ya kwanza iliifunika na kufunika sauti yake.

Tarehe 20 mwezi wa 2 mwaka 2014, katika jimbo la Georgia, Marekani, kikundi cha watu wa senema kilikwenda kupiga filimu juu ya daraja la reli, juu ya mto Altamaha. Hawakuwa watoto. Walikuwa watu wa kazi, wenye kujua kamera. Wenye reli walikuwa wamekataa kuwapa ruhusa, lakini walipanda darajani, wakaweka kitanda cha chuma juu ya reli kwa ajili ya mchezo wao. Treni ya mizigo ikatokea. Daraja lilikuwa jembamba, pa kukimbilia palikuwa padogo. Msaidizi wa kamera, mwanamke wa miaka 27, alikufa pale, na wengine waliumia. Mwaka 2015 mwongozi wa filimu alikubali kosa lake mbele ya baraza la hukumu, akafungwa.

Tulipojifunza habari hii tulikaa kimya. Link alikaa miaka mitano karibu na treni, alikuwa na ruhusa, akaleta picha 2,400. Hawa walikuwa na siku moja, hawakuwa na ruhusa, na hawakuleta kitu kinachofaa. Kamera zao zilikuwa mpya kuliko ile ya Link. Tofauti haikuwa katika kamera.

Basi tunawashauri hivi. Hapana kusimama juu ya reli, hata kama ni reli isiyopita treni tangu mwezi. Hapana kupanda daraja la reli wala kuingia tuneli. Katika gare, kaa nyuma, mbali na ukingo wa kibaraza. Pengine popote, hesabu hatua ishirini kutoka reli ya karibu. Usiku usimulike mashinisti machoni. Link aliwasha taa zake kwa mapatano na wakubwa wa reli, sisi hatuna mapatano hayo. Mwenzako mmoja asishike kamera. Kazi yake ni kutazama pande zote mbili, sababu mwenye kamera anaona tu ile iliyo ndani ya kioo.

Tena ombeni ruhusa. Msidhani askari anamchukia mwenye kamera bure. Mwaka 1942, wakati wa vita, Ujerumani ulituma watu wanane Marekani kwa siri kuharibu viwanda na njia za reli, na ile Horseshoe Curve tuliyoisema ilikuwa katika orodha yao. Walikamatwa mbele ya kufanya neno lolote. Tangu zamani reli na madaraja ni vitu vya ulinzi, huko na huku kwetu. Mwanafunzi mwenye adabu anakwenda kwanza kwa mkubwa wa gare, anatoa kofia, anasema yeye ni nani na anataka nini. Akikataliwa, anashukuru na kurudi.

6. NA SISI, JE?

Mtu atasema: « Kwetu treni ni chache. Somo hili ni la Wazungu. » Tunajibu hivi. Kweli, kwetu mtu anaweza kungoja siku nyingi. Lakini reli si kitu kigeni katika Kongo. Treni ilianza kutoka Matadi mpaka Kinshasa mwaka 1898, wakati mji ule uliitwa Léopoldville. Reli ya kusini ilifika Lubumbashi, wakati ule Élisabethville, mwaka 1910. Katika miaka ya 1950 sehemu ya reli ya Katanga ilikuwa imeanza kutumia umeme, na nchi nyingi za Afrika zilikuwa bado. Hata kipimo kinaweza kutufundisha: kule Marekani kutoka reli mpaka reli ni sentimetri 143 na nusu, kwetu Katanga ni sentimetri karibu 107. Kwa nini? Njia nyembamba inapinda upesi milimani na gharama yake ni ndogo. Lakini vagoni zake haziwezi kuwa kubwa kama zile.

Basi nani aliandika habari za treni zetu? Wazee waliotia makaa na kuni katika mashini za moshi, waliotengeneza njia, waliolinda taa za ishara, wengi wamekwisha kufa. Wengine wako bado katika vijiji na cités zetu, wanakaa mbele ya nyumba, na hakuna mtoto anayewauliza. Wanajua majina ya gare zote kwa kufuatana, pasipo kusoma. Wanajua pahali treni ilipochoka na kilima. Wakienda, kaye hiyo inafungwa.

Kwa hiyo tunamaliza ubishi wa internat namna hii. Mwenye kukaa kando ya reli pasipo kaye, pasipo swali, kusudi aonekane tu katika picha, huyo anacheza, na mchezo wake unaweza kumwua. Mwenye kukaa pahali palipo salama, akihesabu, akiandika, akilinda picha yake pamoja na tarehe, huyo anasoma. Na sisi tusio na treni nyingi tuko na wazee. Telefone ileile iliyotaka kupiga picha juu ya reli inaweza kurekodi sauti ya babu ya mtu. Wakati wa likizo kila mmoja amtafute mmoja, amsalimu, amuulize mwaka gani alianza kazi, mashini gani aliijua, nini kiliharibika na namna gani walikitengeneza. Alete karatasi yake kwetu mwanzoni mwa masomo. Zile zitakazokuwa nzuri tutazipiga katika gazeti hili.

MASWALI

1. Treni imepita nguzo mbili zilizoachana mita 300 katika sekunde 20. Mbio yake ni kilometri ngapi kila saa?

2. Katika mzunguko wa Tehachapi, treni inapanda mita 23 katika mita 1,170. Ni mita ngapi katika kila mita 100?

3. Kwa nini wajenzi wa Horseshoe Curve walichagua njia ndefu, na hawakuchagua ile ya kufupisha?

4. Treni inashuka mlima. Nguvu za mwendo wake zinakwenda wapi?

5. Mwenzako anakuambia: « Piga mbio, nipige picha hapa katikati ya reli. » Utamjibu nini, na utafanya nini?

Majibu yaletwe kwa viongozi wa mwaka wa sita mbele ya siku ya Ijumaa.

Ni sisi, viongozi wa wanafunzi.